Chuma cha angani kikiangukia Mji wa Kale, nani atajibu?

JUMATATU ya Desemba 30, 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzani wa takriban kilo 500 iliporomoka kutoka angani na kutua katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Hakuna aliyejeruhiwa. Siku mbili baadaye, Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilitangaza kuwa uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba pete hiyo ilitokana na roketi, na kwamba vifaa vya aina hiyo aghalabu hutarajiwa kuteketea vinaporejea katika anga ya dunia au kuangukia mahali pasipo watu, kama vile baharini.

Tangazo hilo liliwatuliza wengi, na taifa likaendelea na sherehe za Mwaka Mpya. Hata hivyo, kwa wakazi wa Pwani, tukio la Mukuku liliacha swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha. Kutoka kijiji hicho hadi kisiwa cha Mombasa si zaidi ya kilomita 400. Kwa basi, hiyo ni safari ya saa kadhaa. Kwa chombo kinachoizunguka dunia kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa, ni mwendo usiofika dakika moja.

Kwa maneno mengine, kosa la dakika moja katika hesabu za wataalamu latosha kukihamisha chuma kutoka shamba la Makueni hadi juu ya paa la nyumba ya Mji wa Kale, au katika mlango wa bandari ya Kilindini. Na wataalamu wenyewe hukiri kwamba makosa yao si ya dakika moja.

Katika jambo hili kuna mambo mawili yasiyojulikana, na ni muhimu yatenganishwe. La kwanza ni mahali chuma kitakapoangukia. La pili ni mwenye chuma hicho. La kwanza ndilo linalovuta macho ya watu na vichwa vya habari. La pili ndilo litakaloamua iwapo mwenye nyumba iliyobomolewa atalipwa au ataachwa azoe kifusi chake peke yake.

Tuanze na la kwanza. Setilaiti au kipande cha roketi kilichoachwa katika mzingo wa chini hakianguki kwa ghafla. Kila kinapoizunguka dunia hukutana na hewa nyembamba mno, ambayo hukipunguzia kasi kidogo kidogo hadi kikashuka. Tatizo ni kwamba hewa hiyo haina unene wa kudumu. Jua linapochafuka, tabaka za juu za anga hupata joto na kutanuka, na chombo hushuka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Jua likitulia, huchelewa. Fauka ya hayo, chombo kilichokufa hubiringika ovyo, na hakuna awezaye kujua kwa yakini ni ubavu upi kitakaotanguliza mbele ya hewa.

Ndiyo maana wataalamu wa fani hii huweka kando nafasi ya makosa ya asilimia 10 hadi 20 ya muda uliosalia. Zikisalia saa 24, kosa laweza kufika karibu saa tano, muda ambao chombo huwa kimeizunguka dunia zaidi ya mara tatu. Zikisalia saa mbili pekee, kosa la dakika 20 kabla au baada bado ni umbali wa zaidi ya kilomita 9,000 kila upande. Katika umbali huo mna Atlantiki, bara zima la Afrika na sehemu kubwa ya Bahari Hindi.

Mifano ipo. Mnamo Mei 2021, sehemu kuu ya roketi ya China aina ya Long March 5B, yenye uzani wa takriban tani 20, ilirejea bila ya kuongozwa. Watu wa Omani waliiona ikipita juu yao, na muda mfupi baadaye China ikatangaza kuwa mabaki yake yameanguka katika Bahari Hindi karibu na Maldives. Kutoka Maldives hadi Mombasa ni kama kilomita 3,700, umbali ambao chombo cha kasi hiyo hukata kwa takriban dakika nane. Mwaka mmoja kabla, Mei 2020, roketi ya aina hiyo hiyo iliangusha vyuma katika vijiji vya Ivory Coast.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Mei 10, 2025. Chombo cha Kisovieti kiitwacho Kosmos 482, kilichorushwa mwaka 1972 kwenda sayari ya Zuhura lakini kikashindwa kuondoka katika mvuto wa dunia, kilianguka baada ya miaka 53. Kilikuwa na uzani wa karibu kilo 500, sawa na ile pete ya Mukuku, na kiliundwa kustahimili joto kali la Zuhura. Kwa siku kadhaa, kilichoweza kusemwa ni kwamba kingeanguka popote kati ya nyuzi 52 kaskazini na nyuzi 52 kusini, eneo ambalo ndani yake mna Afrika yote. Hatimaye Shirika la anga la Urusi lilisema kimeangukia Bahari Hindi, magharibi mwa Jakarta.

Je, mkazi wa Kibokoni au Makadara alale macho wazi? Hesabu zinasema la. Uso wa dunia una ukubwa wa kilomita milioni 510 za mraba, na kisiwa cha Mombasa hakizidi sana kilomita 14 za mraba. Kipande kimoja kikiachwa kianguke popote duniani bila upendeleo, nafasi yake ya kukiangukia kisiwa ni takriban moja kwa milioni 36. Mtu anayevuka barabara ya Digo saa ya magharibi anakabiliwa na hatari kubwa kuliko hiyo.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro moja: vipande havianguki bila upendeleo. Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta. Setilaiti nyingi za mawasiliano hupelekwa katika mzingo ulio juu kabisa ya ikweta, na roketi zinazozibeba huacha mabaki yanayozunguka katika ukanda mwembamba wa pande mbili za mstari huo. Mabaki hayo hayawezi kuangukia London wala Moscow. Yakirudi, hurudi katika ukanda wa ikweta.

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Canada walichapisha matokeo yanayoeleza jambo hili. Walikadiria kwamba mwenendo wa sasa wa kuziacha roketi zianguke zenyewe ukiendelea, kuna uwezekano wa takriban asilimia 10 kwamba mtu mmoja au zaidi atadhurika katika kipindi cha miaka kumi. La kutia uzito zaidi ni kwamba hatari katika latitudo za miji kama Jakarta, Dhaka na Lagos ni angalau mara tatu ya ile ya New York, Beijing au Moscow. Jakarta iko nyuzi sita kusini mwa ikweta, jirani wa Mombasa kwa kipimo hicho.

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la sayansi tupu na kuwa la siasa na uchumi. Kutojulikana kwa mahali pa kuangukia si majaaliwa. Roketi yaweza kubakishiwa mafuta ya kutosha ili, ikishamaliza kazi, iongozwe hadi sehemu ya kusini ya Bahari Pasifiki, mbali na nchi kavu zote. Kituo cha Kirusi cha Mir, chenye uzani wa zaidi ya tani 120, kiliteremshwa kwa utaratibu huo mnamo Machi 2001. Lakini mafuta hayo yana uzito, na kila kilo ya mafuta ni kilo moja ya mzigo wa mteja inayobaki chini. Kwa hiyo baadhi ya warushaji huamua kuokoa gharama na kuliachia bahati jukumu lililobaki.

Gharama hiyo hata hivyo haitoweki. Huhamishwa kutoka kwa aliyerusha hadi kwa aliye chini. Mnamo Novemba 4, 2022, kipande kingine cha Long March 5B kilipokuwa kikirejea, Uhispania ilifunga sehemu ya anga yake kwa takriban dakika 40 na mamia ya safari za ndege zikacheleweshwa. Roketi hiyo iliishia kuanguka Pasifiki. Abiria na mashirika ya ndege waliingia hasara kwa sababu ya chuma ambacho hakikuigusa ardhi yao.

Fikiria uamuzi kama huo ukiwasubiri wakuu wa Mombasa. Kilindini ni mlango wa bidhaa za Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Congo. Kuzuia meli na ndege kwa saa chache ni hasara inayofika hadi Kampala na Goma. Kutozizuia, kisha chuma kikaanguka, ni lawama isiyofutika. Na uamuzi huo ungefanywa kwa kutegemea makadirio ya mashirika ya kigeni.

Mambo haya yatazidi, wala hayatapungua. Kwa mujibu wa Shirika la Anga za Juu la Ulaya, kufikia mwaka 2024 setilaiti na vipande vizima vya roketi vilikuwa vikirejea duniani kwa wastani wa zaidi ya mara tatu kwa siku. Vingi huteketea vyote. Lakini vile vikubwa huweza kufikisha ardhini kati ya asilimia 10 na 40 ya uzani wake, hususan matangi ya titani, injini na pete nzito.

Sasa tuje kwa la pili, yaani mwenye chuma. Sheria ipo, na ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1972 kuhusu dhima ya hasara zitokanazo na vyombo vya angani, ambao Kenya ni mwanachama wake, unasema kwamba nchi iliyorusha chombo italipa hasara yoyote itakayotokea ardhini au kwa ndege iliyo angani, bila ya aliyeathirika kulazimika kuthibitisha uzembe. Fidia yapaswa kumrejesha katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara.

Tatizo ni kwamba mlango wa mkataba huo hufunguliwa na serikali, si mwananchi. Dai hupitia njia za kibalozi, kutoka nchi hadi nchi. Aidha, lina muda wake: mwaka mmoja tangu hasara itokee, au tangu nchi iliyorusha itambuliwe. Pasipo kumtambua mrushaji, hakuna wa kudaiwa, na hukumu nzuri ya sheria hubaki maandishi.

Canada ilionyesha namna jambo hili linavyofanywa. Mnamo Januari 1978, setilaiti ya Kisovieti iitwayo Cosmos 954, iliyobeba kinu cha nyuklia, ilianguka kaskazini mwa nchi hiyo. Canada ilitafuta vipande, ikavihifadhi, ikaorodhesha gharama zake na kudai takriban dola milioni sita za nchi hiyo. Mwaka 1981 Umoja wa Kisovieti ulikubali kulipa milioni tatu. Ilikuwa nusu ya dai, lakini ililipwa kwa sababu ushahidi ulikuwa mkononi na mwenye mali alijulikana.

Kwa upande wa Mukuku, mambo yalikwenda vingine. Baadhi ya wakazi walitaka fidia. Taarifa zilipoenea kwamba Kenya inaidai India, KSA ilizikanusha na kusema uchunguzi ungali ukiendelea. Wachunguzi huru wa nje nao hawakuafikiana. Wapo walioihusisha pete hiyo na roketi ya Ulaya aina ya Ariane iliyorushwa mwaka 2008, na wapo waliotilia shaka hata kwamba ilitoka katika mzingo wa dunia. Iwapo kitu chenye uzani wa kilo 500, kilichoangukia mahali pa wazi na kuchukuliwa na serikali kikiwa kizima, kiliweza kuzusha ubishi wa namna hiyo, itakuwaje kwa kipande cha kilo 20 kilichotoboa dari katika kichochoro cha Mji wa Kale?

Swali hili si la kubuni tu. Nyumba nyingi za mtaa huo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zikiegemeana ukuta kwa ukuta. Dari za namna hiyo hazikukusudiwa kupokea chuma kinachoshuka kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa saa. Vichochoro ni vyembamba, na gari la zimamoto halifiki kila mlango. Umati ungejaa kabla ya polisi. Katika mji wenye biashara kubwa ya vyuma chakavu, haikosi vipande vidogo vingeondoka na watu kabla ya jua kuchwa, na pamoja navyo nambari na alama ambazo zingemtambulisha mrushaji.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Baadhi ya matangi ya setilaiti hubeba haidrazini, mafuta yenye sumu kali. Mwaka 2008, Marekani iliitungua setilaiti yake yenyewe ikitoa sababu kwamba tangi lake la haidrazini lingeweza kufika ardhini likiwa zima. Kijana atakayelibeba tangi kama hilo begani ili akaliuze hatakuwa na habari ya alichokibeba.

Aidha, kuna suala la thamani. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Nyumba na misikiti inayoizunguka ni sehemu ya historia hiyo hiyo. Mkataba unaposema mwathiriwa arejeshewe hali ya awali, atakayedai sharti aonyeshe hali hiyo ilikuwaje. Mlango wa nakshi usiopigwa picha, au ukuta wa kale usiopimwa, ni vigumu kuudai mbele ya mawakili wa taifa kubwa.

Ni haki pia kusema kwamba Kenya haijawa mtazamaji tu katika mambo haya. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988, Waitaliano walirusha roketi kutoka majukwaa ya San Marco, baharini karibu na Malindi. Setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, iliyorushwa huko Desemba 12, 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru, ilirejea angani na kuangamia mwaka 1979. Mwaka 2023 Kenya ilipeleka setilaiti yake ya uchunguzi wa ardhi, Taifa-1, kwa roketi ya Marekani. Ni ndogo kiasi cha kuteketea yote. Lakini chini ya mkataba wa 1972, nchi inayotoa ardhi au jukwaa la kurushia huhesabiwa kuwa miongoni mwa warushaji. Taifa linaloota kuufufua uwanja wa Malindi halina budi kuzingatia pande zote mbili za sheria hiyo.

Nini basi kifanyike? Mombasa haiwezi kuamua jua lichafuke lini, wala kuilazimisha Beijing, Washington au Paris ibakishe mafuta katika roketi. Hilo la pili ni kazi ya Nairobi katika vikao vya Umoja wa Mataifa, na nchi za ikweta zingekuwa na sauti nzito zaidi zikizungumza pamoja, kwa kuwa hatari yao ni moja.

Kinachowezekana kisiwani ni kupunguza kutojua kwa pili, na hakihitaji fedha nyingi. Kwanza, ijulikane mapema ni nani atakayetoa tangazo, ili KSA, serikali ya kaunti, polisi, mamlaka ya usafiri wa ndege na wasimamizi wa bandari wasitoe kauli zinazopingana. Pili, wazee wa mitaa, maimamu, vijana wa bodaboda na wafanyabiashara wa vyuma chakavu waelezwe amri tatu fupi: usikiguse, usikiondoe, piga ripoti. Tatu, wataalamu wa mionzi na kemikali wajue watafikaje Mji wa Kale kwa haraka. Nne, ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa isaidiwe kukamilisha picha na vipimo vya majengo. Kumbukumbu hizo zitafaa hata kama hakuna chuma kitakachoanguka, maana moto na mvua navyo hubomoa.

Tano, na hili ndilo zito, serikali iyaweke hadharani matokeo kamili ya uchunguzi wa Mukuku. Wananchi wakionyeshwa jinsi pete ile ilivyochunguzwa na kilichogunduliwa, wataamini kwamba ipo sababu ya kukabidhi kipande kitakachofuata. Wasipoonyeshwa, kila mtu atakificha chake.

Wahenga wa Pwani walipokiona kimondo usiku walijua ni alama isiyo ya mwanadamu, na hawakumtafuta wa kumdai. Vyuma vya leo vina kiwanda, vina nambari na vina mwenyewe. Tahadhari kabla ya hatari, na katika hatari hii, tahadhari kubwa kuliko zote ni kuwa tayari kumtaja mwenye mali siku mali yake itakapodondoka.